Mzigo wa kilo 25: kumbukumbu ya mradi wangu wa Kariokor

Septemba, juma la kwanza

Maktaba ya mtaa wetu wa Kariokor, Nairobi, imenipa kona moja: meza mbili, ubao wa kubandikia picha na dirisha linalotazama barabara. Nitaweka maonyesho madogo ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, yawe tayari Novemba.

Nimechagua wapagazi kwa sababu ya jina la mtaa wenyewe. Makanga wanaita "Kariokor! Kariokor!" kutwa nzima, abiria wanapanda, na wachache sana wanajua kwamba hapa palikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Midomo ya watu ikalilainisha jina hilo likawa Kariokor. Kariakoo ya Dar es Salaam ni ndugu yake wa tumbo moja.

Septemba, juma la tatu

Leo nimekwenda Kenyatta Avenue kuitazama ile sanamu ya watu watatu, iliyozinduliwa mwaka 1928. Nimepita pale miaka na miaka nikikimbilia matatu. Leo nimesimama. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi, na maandishi ya chini, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako.

Jina lipi? Nimezunguka sanamu nzima. Hakuna jina hata moja.

Oktoba, juma la kwanza

Nimekuwa nikisoma jinsi makumbusho na wasanii wa kwingine walivyoadhimisha miaka 100 ya vita ile. Kuna tukio moja halijanitoka kichwani. Tarehe 1 Julai 2016, huko Uingereza, watu wa kujitolea wapatao 1,400 walivaa sare za zamani wakatokea katika stesheni za treni na madukani bila kutangazwa. Hawakuhutubia. Ukimkaribia mmoja, anakupa kadi yenye jina la askari aliyekufa siku hiyo, miaka 100 kamili kabla, katika vita vya Somme.

Nilitaka kuiga. Kisha nikakumbuka kwamba kadi zangu zingekuwa tupu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri.

Kwa hiyo nimegeuza wazo. Mgeni wangu hatapewa jina. Ataombwa alilete.

Oktoba, juma la pili

Mzigo. Mpagazi alibeba takriban kilo 25, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na barabara zilikuwa chache. Nimenunua gunia la katani Gikomba, nikalijaza mahindi. Mchanga ungekuwa rahisi, lakini ungekuwa mdogo na mgumu kama tofali, na nilitaka mtu akumbatie kitu kikubwa cha kulegea kinachomkwepa mikononi. Mshono ulifunguka jaribio la kwanza, mahindi yakatawanyika mpaka chini ya rafu za vitabu. Nimeushona upya kwa uzi wa viatu, mara mbili.

Nimesokota ngata kwa leso kuukuu. Kijana wa mkokoteni aliyeleta meza akalitwika gunia kichwani, akatabasamu. Nikamwambia, sasa tembea nalo mpaka Msumbiji. Hakunijibu. Akalishusha taratibu, akauliza kama walikwenda kweli. Walikwenda. Wakala unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva, wakauawa zaidi na kuhara damu, malaria na nimonia kuliko risasi.

Oktoba, juma la nne

Nimekosea, na nimerekebishwa. Bango langu la kwanza lilisema "wapagazi waliojitolea". Mzee mmoja wa Pumwani alilisoma akiwa ameshika miwani kwa vidole viwili, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, nani alikwambia walijitolea? Babu yetu alichukuliwa shambani. Jembe lilibaki limesimama palepale."

Niliona haya. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za mwaka 1917, jinsi utawala ulivyoamuru wanaume wakusanywe kwa wingi wilaya hadi wilaya, na bado nikaandika neno tamu. Nimeling'oa bango. Jipya linasema "waliochukuliwa". Nimemwomba mzee ruhusa ya kuliandika lile jembe, akakubali, akasema nisiache neno "limesimama".

Novemba, juma la pili

Tarehe 11, siku ya kukumbuka mwisho wa vita Ulaya, mashada yaliwekwa, kama kila mwaka. Mimi nimechagua kufungua tarehe 25. Upande wetu vita havikuisha siku ileile vilipoisha Ulaya. Habari zilimkuta jenerali Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, karibu na mto Chambeshi siku chache baadaye, naye akasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wiki mbili zote hizo mtu alikuwa bado na gunia kichwani. Siku yao ni hiyo.

Novemba 25

Walikuja zaidi ya nilivyotarajia. Kina mama wanaouza viondo sokoni walifunga mapema wakaja pamoja. Mmoja alilikataa ngata, akaliinua gunia kwa mkanda wa kichwani kama anavyobeba kuni kwao, akazunguka nalo chumba kizima bila kusema neno. Watoto walimpisha.

Kadi 31 zimerudi. Nyingine zina jina kamili na kijiji. Moja ina majina mawili ya ndugu waliokwenda siku moja. Ya mwisho niliikuta mezani wageni wakiwa wameondoka, imeandikwa kwa penseli: "Baba wa babu. Alikwenda, hakurudi. Jina tumelisahau."

Nilikaa nayo muda. Nimeitundika katikati ya ubao, usawa wa macho, na nimeacha nafasi juu ya mwandiko ikiwa mtu wa nyumba ile atalikumbuka.