Jinsi nilivyoacha kulipia siku za kontena bandarini

Nilipoagiza kontena langu la kwanza la vigae, nilinunua kwa masharti ya CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli), nikaamini kwamba kwa kuwa muuzaji amelipia meli na bima, kilichobaki kwangu ni kusubiri. Sikuwa nimeelewa kwamba malipo hayo huishia kwenye bandari ya kushushia, na kwamba ushuru wa forodha, tozo za bandari, ada ya wakala wa forodha na lori vyote vingekuwa juu yangu.

Meli ilitangulia hati. Hati halisi ya shehena, yaani karatasi ya kampuni ya meli inayompa mwenye mzigo haki ya kuuchukua, ilikuwa bado njiani, na bila hiyo wakala wa meli hakuweza kuidhinisha mzigo utolewe. Siku za bure, yaani zile za mwanzo ambazo kontena hukaa bila kutozwa, zikaisha, ndipo nikatambua kwamba nadaiwa na pande mbili: bandari ilinitoza kwa kuhifadhi mzigo, na kampuni ya meli ikanitoza kwa kukaa na kontena lake, kila tozo ikihesabiwa peke yake na kupanda kadiri siku zilivyosonga. Kwa muda nilidhani ni deni moja.

Barabarani nako mambo hayakuwa mepesi. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, na kwa kawaida uzito wake pamoja na mzigo hautakiwi kuzidi kilo 30,480. Vigae ni vizito, hivyo langu lilikaribia kikomo hicho ilhali zaidi ya nusu ya nafasi ilikuwa tupu. Kwa meli hilo halikuwa tatizo, kwani nauli ilihesabiwa kwa kontena. Lakini lori hupimwa uzito kwa ekseli, na mizani ilipolikataa nililazimika kukodi lori la pili.

Safari ya pili nilinunua kwa FOB, yaani muuzaji anaishia kupakia mzigo melini na nauli nalipa mimi, ili nichague meli mwenyewe, na kabla ya kupakia niliomba siku 14 za bure ziandikwe kwenye mkataba. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kumlipa muuzaji, tulikubaliana arudishe hati halisi kwa kampuni ya meli kulekule alikopakia, ili mzigo utolewe huku bila kusubiri karatasi. Naamini hatua hii iliniokolea fedha nyingi kuliko nyingine zote. Wakala wangu alianza kazi ya kugomboa meli ikiwa bado baharini, baada ya kulinganisha ankara na orodha ya mzigo mstari kwa mstari, maana tofauti ndogo ya uzito inatosha kusimamisha kila kitu.

Nilipunguza vigae hadi uzito ambao lori moja linaruhusiwa kubeba, na nikakataa bei ya lori iliyoonekana nafuu kwa sababu haikujumuisha kurudisha kontena. Kontena tupu lilipokelewa siku ya tisa, zikiwa zimesalia siku tano za bure.