Sukari ya mzee juu ya Atlantiki

Nikiwa safarini huwa sisemi kuwa ni nesi. Ukishasema, jirani wa kiti atakuonyesha goti lake mpaka mnatua. Lakini tangazo la kutafuta daktari likirudiwa mara ya pili na hakuna aliyeinuka, utafanyaje? Unainuka.

Tulikuwa tunatoka Ghuba kwenda Marekani, zaidi ya saa 13 angani, na ramani ilishatuweka juu ya Atlantiki. Mzee wa kanzu, jasho limemlowesha mpaka kifuani, anausukuma mkono wa mhudumu na kuropoka. Mhudumu alinong'ona kwamba huenda ni moyo, au labda kalewa. Kalewa! Kando yake mkewe analia ndani ya buibui, na kwa kuwa hajui Kiingereza hakuna aliyemuuliza chochote.

"Shikamoo mama. Baba ana maradhi gani?"

"Marahaba mwanangu. Ana sukari. Kadunga sindano ya jioni, anangoja chakula, chakula hakiji."

Nikaelewa. Saa yake ilikuwa bado ya Tanga, na Tanga ilikuwa inaingia magharibi. Huku nje jua linawaka, na chakula cha pili ndege huwa inakigawa ikikaribia kutua.

Kisanduku cha dawa kilikuwa bado kinafunguliwa wakati mama anatoa kipimo cha mzee kwenye mfuko wa rambo, kimelaliana na tende. 2.3: sindano imeshusha sukari, chakula hakijaja, imeshuka mno. Tende zingefaa, ila hakuwa anatafuna vizuri na nilihofia zimpalie. Kumeza aliweza, kwa hiyo nikampa juisi ya chungwa iliyokorogwa na sukari ya chai, kidogo kidogo. Angekuwa kazimia nisingetia kitu mdomoni. Kwa hali hiyo kisandukuni mlikuwa na dekstrozi, sukari ya kudungwa mshipani.

Presha niliipima kwa kupapasa mapigo ya mkono, maana ukivaa stetoskopu mle unasikia injini tu. Namba ya juu unaipata, ya chini isahau. Oksijeni ya damu yake ilisoma asilimia 92 na mhudumu akashtuka. Nikamwambia hewa ya humu ni kama ya mlima wa mita 2,000 na ushee, juu kuliko Mbeya mjini; kwa mzee wa umri ule 92 haikunitisha.

Rubani alitaka kujua kama tugeuze. Yeye ndiye mwenye uamuzi, mimi nilitoa majibu tu, na daktari aliyekuwa ardhini aliyasikia kwa simu ya setilaiti. Dakika 15 baadaye kipimo kikasoma 3.6, tukampa juisi nyingine, kikafika 5.1. Daktari akasema endeleeni, mpeni mkate na wali, mpimeni kila saa.

Mzee akatuangalia sote tuliomzunguka. "Magharibi imeingia?"

Nilimweleza kwamba safari ya kuvuka masaa mengi namna hii ratiba ya sindano hupangwa na daktari kabla ya kuondoka, na kwamba akiwa ndani ya ndege asidunge kabla hajaiona sahani mbele yake. Dawa yenyewe alikuwa ameiweka kwenye mkoba wa mkononi, jambo zuri, maana kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda ikaharibika. Alikuwa anaitikia huku akichungulia saa yake.

Mkewe akamvua ile saa, akaitia mkobani mwake. "Utadunga nikikwambia mimi."