Gunia moja kwanza: nilivyojifunza kurudi kwenye baiskeli baada ya likizo

Jumamosi ya tarehe 7 Januari 2023 niliachwa na wenzangu wa kundi la baiskeli kwenye mlima wa Pugu, Dar es Salaam. Tulitoka Buguruni saa kumi na moja na nusu alfajiri tukiwa tisa, tukapita uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto, na mimi nilikuwa katikati ya kundi kama kawaida yangu. Barabara ilipoanza kuinuka, saa yangu ya mkononi ikasoma mapigo ya moyo 171 kwa dakika. Kifua kilibana, na jasho lilikuwa limeshalowesha hadi glavu. Taa nyekundu ya aliyenitangulia ikazidi kuwa ndogo, ikapinda kona, ikapotea.

Wiki nne kabla ya hapo mlima huohuo niliupanda kwa mapigo 155, tena huku najibu maswali ya mwenzangu kuhusu bei ya tairi.

Nilisimama pembeni, nikaegemea usukani. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja anatoka upande wa Kisarawe na baiskeli ya mkaa, magunia mawili nyuma yamefungwa kwa mipira ya tyubu, naye amesimama kukaza kamba. Siku hizi wengi wamehamia kwenye bodaboda, lakini wa baiskeli bado wapo. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama navyohema.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana mzee, nilikuwa nyumbani Marangu, likizo. Siku 23 sijagusa baiskeli."

"Sasa ndiyo unaanza na Pugu? Mimi nikitoka kuugua malaria sipakii magunia mawili siku ya kwanza. Napakia moja. Wiki ikiisha ndiyo naongeza."

Akasukuma baiskeli yake, akaenda zake. Ningemsikiliza siku ile, ningeokoa mwezi mzima.

Sikumsikiliza. Nilirudi Tabata na uchungu moyoni, nikajiapiza kulipa deni. Jumapili nikatoka tena, Jumanne kabla ya kazi, Jumatano, Alhamisi, kila siku nachochea kwa nguvu zote kana kwamba siku 23 zinaweza kurudishwa kwa siku tano. Wiki ya pili goti la kulia likaanza kuuma kwa ndani, chini ya kifuniko cha goti. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, mafua yakanishika. Nilikuja kupanda Pugu na kundi tena katikati ya Februari. Likizo ilinigharimu wiki tatu, na haraka ya kurudi ikanigharimu zaidi ya hizo.

Lazima niseme jambo moja hapa. Sikuwahi kufikiria kuacha kwenda nyumbani. Watu wa Dar wanatuambia sisi wa Kilimanjaro tunakwenda "kuhesabiwa", na ni kweli, Desemba mabasi yote ya Moshi yanajaa. Lakini mama yangu ana miaka 78. Mtori wake wa asubuhi na zile siku za kukaa jikoni tukiongea, siwezi kubadilisha na kilomita zozote. Kwa hiyo swali langu lilikuwa hili: nifanye nini ili niwe naye kikamilifu, na Januari nisianze sifuri?

Nilianza kusoma nikiwa nimekaa na barafu kwenye goti. Kilichonifungua macho ni utafiti wa Edward Coyle na wenzake wa mwaka 1984. Waliwachukua wanamichezo saba waliokuwa fiti sana, wakawapumzisha kabisa kwa siku 84. Katika siku 21 za mwanzo, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 hivi. Mwisho wa siku 84 ulikuwa umeshuka asilimia 16. Ile ya mwanzo ilitokana hasa na moyo kusukuma damu kidogo kwa kila pigo, maana ukiacha mazoezi, sehemu ya majimaji ya damu hupungua ndani ya siku chache tu. Damu ikipungua, moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kufanya kazi ileile. Hayo ndiyo yalikuwa mapigo yangu 171. Na hapohapo wakagundua kwamba mishipa midogo kabisa ya damu ndani ya misuli, ile inayojengwa kwa miaka ya kuendesha, haikupungua hata baada ya siku zote 84.

Nilisoma mistari ile mara tatu. Niliyodhani yamebomoka yalikuwa bado yamesimama. Kilichopungua ni kile kinachorudi upesi, alimradi usikifukuze kwa fujo.

Jambo la pili nililipata kwa mtafiti Robert Hickson, naye wa miaka hiyo ya mwanzo ya 1980. Watu wake walifanya mazoezi makali dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10. Kisha wakapunguza hadi siku 4 au hata siku 2 kwa wiki, na kwa wiki 15 uwezo wao wa oksijeni ukabaki palepale. Katika utafiti wake mwingine, wa 1985, waliopunguza ukali badala ya siku ndio walioanza kupoteza. Yaani mwili unakubali kupewa kidogo, ila hicho kidogo kiwe cha kukuhemesha.

Basi Desemba 2023 nikajipanga. Wiki mbili kabla ya safari niliongeza mazoezi kuliko kawaida, nikapanda Pugu mara mbili kwa wiki, nikaenda hadi Kisarawe na kurudi, mpaka nikawa nimechoka kweli. Nilitaka siku za mwanzo za likizo ziwe mapumziko ninayoyastahili, mwili ukae ujijenge. Siku ya kuondoka nikafuta mnyororo kwa kitambaa kikavu, nikaupaka mafuta, nikaitundika baiskeli ukutani ndani. Mwaka uliopita niliiacha kibarazani, nikakuta mnyororo umeota kutu ya rangi ya chungwa. Hewa yetu ya pwani haina huruma na chuma.

Marangu niliazima baiskeli ya shemeji yangu, ya chuma, gia moja, ina keria kubwa ya kubebea majani ya ng'ombe. Nilikuwa natoka mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba. Dakika kumi za kuzunguka taratibu hapo Marangu Mtoni, kisha naingia kwenye mwinuko wa kuelekea geti la Mlima Kilimanjaro. Nachochea dakika tatu nikiwa nimesimama juu ya pedali, nashuka polepole vidole vikiwa kwenye breki, naanza tena. Mara tano. Kwa gia moja huna pa kujificha, dakika ya pili mapaja yanaungua na dakika ya tatu unahesabu nguzo za umeme. Kule juu getini ni zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hata pale nilipokuwa mimi, chini kidogo, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo sikujali kasi hata siku moja. Nilijali kuhema tu. Siku ya kwanza mama mmoja jirani alinitazama nikipanda na kushuka, mwisho akaniuliza nimedondosha nini barabarani anisaidie kutafuta.

Zoezi zima lilikuwa dakika 40. Narudi mama ndiyo kwanza anachemsha chai. Siku nyingine zote sikujihesabia chochote. Nilikata majani, nilitembea na mama kwenda kanisani na kurudi, nilikula machalari nikashiba, na mbege nilikunywa nilipokaribishwa.

Nilirudi Dar baada ya siku 22. Asubuhi ya kwanza, kabla sijatoka kitandani, nikaweka vidole viwili shingoni nikahesabu mapigo dakika nzima: 57. Kabla ya likizo yalikuwa 53. Mwaka ule wa mateso yalikuwa 62.

Nikakumbuka gunia moja. Wiki ya kwanza niliendesha mara tatu, dakika 45 hadi saa nzima, tambarare tupu: Barabara ya Ocean, Daraja la Tanzanite, Coco Beach, na kurudi, kwa mwendo wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Kundi walikuwa wananipita darajani wananipungia mkono, na nakiri ilikuwa kazi ngumu kuliko mlima, kubaki nyuma kwa hiari. Wiki ya pili nikaongeza hadi kama robo tatu ya mazoezi yangu ya kawaida, na siku moja tu ya kuhema. Jumamosi ya wiki ya tatu nikaenda Pugu.

Kuna kitu kingine kilichonichukua muda kukitambua, nacho ni joto. Unatoka kwenye baridi ya Marangu unayolalia blanketi mbili, unashuka Dar ya Januari ambako saa mbili asubuhi tu hewa ni nzito kama ya jikoni. Mwili uliokuwa umezoea joto unakuwa umesahau, na unahitaji siku kati ya 7 na 14 kuzoea upya, kutoa jasho mapema na kwa wingi, na kuongeza tena majimaji ya damu. Kumbe sehemu ya kile nilichokiita kukosa pumzi ilikuwa joto. Siku hizi wiki ile ya kwanza natoka mapema zaidi, nabeba chupa mbili badala ya moja, na kwenye moja natia chumvi kidogo. Dafu nalipenda sana, na muuza madafu wa Coco Beach ananijua, lakini dafu halina chumvi ya kutosha kufidia jasho la Dar, kwa hiyo nalo nalitilia punje kadhaa.

Mwenzangu mmoja wa kundi hufunga Ramadhani yote na hajawahi kurudi akiwa amechakaa. Nilipomuuliza, akaniambia anatoka mara mbili kwa wiki, dakika 40 kabla ya futari, anachochea vipande vifupi, ili akimaliza tu akute maji na tende mezani. Alikuwa amelipata kwa uzoefu wake, bila kusoma utafiti wowote. Masika nayo nimeanza kuyachukulia hivyohivyo. Jangwani ikijaa maji na barabara zikiwa na mashimo yasiyoonekana, sitoki kushindana na malori. Napanda ngazi za jengo la ofisi Posta, ghorofa tisa, mara sita, Jumanne na Ijumaa.

Ile Jumamosi ya wiki ya tatu, Januari 2024, niliingia mlima wa Pugu nikiwa wa sita. Nikatazama saa: 159. Katikati ya mlima mtu alikuwa anateremka na magunia ya mkaa, taa yake tochi iliyofungwa kwenye usukani. Sikuweza kuona kama ni yule mzee. Nikamwamkia hata hivyo, kwa sauti, na sauti ilitoka nzima.

Mwaka jana nilinunua baiskeli nyingine, ya mtumba, yenye gia, nikaipandisha basi hadi Marangu. Inakaa ukutani kwenye banda la ng'ombe. Mpwa wangu anaiendea shule, na Desemba nikifika ananikabidhi ikiwa imeshatiwa upepo.