Sarafu za shaba za Kirumi: anza na mgongo, achana na sura

Ukinunua zile sarafu za shaba za Roma zinazouzwa kwa mafungu, nyingi zake zitakuwa za karne ya nne, vidude vya milimita 15 hadi 19 hivi, na kosa la karibu kila mtu ni kukodolea macho sura ya kaizari. Sura haikusaidii sana jamani! Kaizari Constantine na wanawe, yaani Constantine II, Constantius II na Constans, wamechongwa wote kama mapacha, na majina yao nayo yakifutika herufi mbili tu umeshapotea.

Mi naanza na mgongo, yaani upande wa nyuma usio na sura. Kuna wanajeshi wawili wamesimama na maandishi GLORIA EXERCITVS (V ndo U yao, zoea tu)? Hesabu bendera katikati yao. Zikiwa mbili hiyo ni 330 hadi 335, ikiwa moja ni kuanzia 335 kuja juu, yaani kabla hata hujajua ni nani ushapata miaka. Mwanajeshi anamchoma mkuki jamaa anayeanguka na farasi wake ni FEL TEMP REPARATIO, hizo zilianza 348, zipo nyingi mpaka zinachosha.

Halafu shuka chini kabisa ya mgongo huo huo, chini ya ule mstari ulio chini ya picha, hapo ndo pananifurahisha kuliko kote maana pana alama ya kiwanda kilichotengeneza sarafu. SMANT au ANT ni Antiokia, ile ile ya kwenye Matendo ya Mitume, ALE ni Aleksandria, TR ni Trier huko Ujerumani, SIS ni Siscia, siku hizi Sisak ya Kroatia. PLON ni London, na kiwanda hicho kilifungwa karibu na 325, kwa hiyo mtu akikuambia ana wanajeshi wawili wa London mwambie aangalie tena. Mtego mkubwa ni CONST: hiyo ni Arles, Ufaransa, mji uliobadilishwa jina kwa heshima ya familia hiyo, wakati Constantinople yenyewe huwa CONS ikifuatwa na herufi ya karakana kama CONSA.

Sasa ndo urudi kwenye kichwa, ule upande wenye sura. NOB C ni Kaisari, yaani bado mdogo kicheo, AVG ni Augustus, kaizari mkubwa mwenyewe, na neno IVN linakutenganishia Constantine II na baba yake Constantine. Ukikuta ndevu nzito na fahali mgongoni, na nyota mbili juu yake, huyo ni kaizari Julian, hapo usiwaze.

Na tafadhali ukisafisha usitie ndimu wala siki, ile rangi ya kijani au kahawia iliyoganda juu ndo inayobeba maandishi, ikiondoka nayo yanaondoka. Maji safi yasiyo na chumvi, uvumilivu, kisha mwanga wa pembeni sio wa juu, herufi zinajitokeza zenyewe.