Karatasi yangu ya mfukoni
Jamani huu mwezi wa tatu niko wodini na leo ndo nimemaliza shifti bila kuchelewesha dawa ya mgonjwa hata mmoja, nimefurahi sana. Kinachonisaidia ni karatasi moja tu, nikipokea ripoti naandika namba ya kitanda, dawa za saa ngapi, nani ana dripu, nani anasubiri majibu ya maabara, alafu kabla ya chochote nazunguka kuwaona wote kwa macho na anayepumua kwa shida ndo naanza naye. Presha na joto naandika hapo hapo kitandani, nikisema ntaandika baadae zinachanganyika. Nikiitwa katikati ya kuandaa dawa, nikirudi nahakiki upya jina na dozi. Karatasi yenyewe naichana kabla sijatoka, zile ni siri za watu.