Kyubu zilizovunjika upande mmoja

Foremani wa saiti alinipigia saa mbili asubuhi maabara, ninakovunja kwa mashine kyubu, yaani vitofali vya zege vya kupimia nguvu yake. "Dada, mashine yako inatuonea. Zege ni lile lile, mbona wiki hii tunafeli?" Nilitaka kumjibu kwamba mafundi wote wa saiti husema hivyo. Nikanyamaza, maana mabaki ya kyubu zake yalikuwa bado sakafuni na sikuyapenda.

Kyubu ya milimita 150 ikivunjika vizuri, pande zote nne hubanduka, katikati pakabaki kama piramidi mbili zilizogusana vichwa. Hizi zilisagika upande mmoja tu, ule wa mlango wa mashine. Upande wa pili ungedhani haujaguswa.

Nikaanza na kasi ya mzigo: kilonyutoni 13.5 kwa sekunde, sawa. Uso uliopigwa mwiko umeelekezwa pembeni, sawa. Cheti cha kalibresheni hakijaisha muda. Lakini cheti kile kinathibitisha nguvu inayosomwa kwenye skrini. Bamba la juu, lile linaloikandamiza kyubu, linakaaje, hakisemi.

Bamba hilo limefungwa kwenye nusu tufe ya chuma inayokaa ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja kwenye nyonga. Linapogusa kyubu linatakiwa lijilaze lenyewe sawasawa, kisha mzigo ukipanda msuguano ulikamate, lisigeuke tena. Niliweka dayo geji mbili (vipimo vya mshale vya kuonyesha bamba linavyosogea), moja kila upande wa bamba, tukaanza kubana. Tulipofika kilonyutoni 200 mshale mmoja ulikuwa unakimbia, mwingine umesimama: bamba lilikuwa bado linageuka.

Nilikuwa na kyubu 12 za mchanganyiko mmoja. Nikavunja 6 kabla ya kugusa chochote, halafu tukafungua bamba watu watatu, tumeweka magogo chini yake. Ni zito, usilijaribu peke yako. Kikombe kilijaa grisi ya bearingi, ile ngumu.

"Lilikuwa linalia, dada, nikalipaka," alisema kijana wetu wa mafunzo.

Sikuweza kumgombeza. Kila mashine aliyowahi kuishika ilitaka grisi. Hapa grisi inayostahimili mgandamizo ndiyo sumu yenyewe, kwa kuwa inaliacha bamba liendelee kuteleza mzigo ukiwa juu. Tulifuta kwa mafuta ya taa, tukakausha, tukapaka oili ya injini kiasi cha kung'aa tu.

Tulipofungua niliona la pili: alama za katikati kwenye bamba la chini zilishafutika, na vijana walikuwa wanaweka kyubu kwa macho. Niliyopima ilikuwa imesogea milimita 8 kuelekea mlangoni. Tukachora upya.

Kyubu 6 za kwanza zilitoa nguvu ya kati ya megapaskali 19 na 26. Za baada ya kusafisha, 25 hadi 27, na piramidi zikarudi.

Barua ya kufuta majibu ya wiki nzima niliiandika mwenyewe. Ilinichukua muda kuliko kufungua lile bamba. Foremani alipoipata alijibu kwa neno moja: "Nilisema."