Moshi Unaotoka Ardhini: Siku Nne Kansas na Baba Upendo

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Jimbo la Kansas amelivuka mara nyingi mpaka ameacha kuhesabu, maili 424 za barabara kuu namba 70 kutoka mpaka hadi mpaka. Kila akinipigia simu akiwa huko maneno ni yale yale: "Mama Upendo, niongeleshe nisisinzie, huku hakuna kitu." Yeye ni Msambaa wa Lushoto. Kwao ukifungua mlango unaona mlima, ukigeuka unaona mlima mwingine. Mimi ni Mgogo wa Kongwa. Mtu akisema nchi tambarare haina kitu, naumia, maana ndiyo nchi iliyonilea.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Septemba alipopata likizo ya siku nne na kuanza habari za Colorado, nilimwambia milima tutaiona siku nyingine. Nipeleke Kansas, tena kwa barabara ndogo, na popote nitakaposema simama, tusimame. Akafikiri kidogo, akanipa ufunguo. "Sawa, ila usukani ni wako. Mimi hiyo njia nimeshaiendesha vya kutosha."

Tuliondoka Kansas City Alhamisi alfajiri, chupa ya chai ya maziwa miguuni na chapati kwenye hotpoti. Topeka tulipita bila kusimama. Ile Shule ya Monroe ya kesi ya mwaka 1954, iliyofuta ubaguzi wa rangi mashuleni, tulishawapeleka watoto. Mbele kidogo nikaacha njia kuu, nikashika barabara 177 kuelekea kusini, na kufika Council Grove nchi ikawa imeshabadilika. Vilima vya mviringo, kimoja nyuma ya kingine, na juu yake nyasi tupu hadi macho yanapoishia. Baba Upendo alishusha kioo. Hakusema kitu, lakini simu aliiweka mfukoni.

Hapo Council Grove ndipo walipokuwa wakiishi Wakansa, wenyeji asilia walioipa nchi hii jina lake. Mwaka 1873 walihamishwa kwa lazima kwenda Oklahoma ya leo. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila nitakachosimulia baadaye kuhusu wahamiaji na mashamba yao kilijengwa juu ya ardhi ambayo wenyewe walikuwa wameshaondolewa.

Vilima hivi vinaitwa Flint Hills, yaani Vilima vya Gumegume. Wazee wetu waliotumia magobole wanalijua jiwe hilo, ndilo lililotoa cheche. Hapa limejaa kwenye udongo, tabaka kwa tabaka ndani ya chokaa, na ndilo lililoziokoa nyasi. Zamani nyasi ndefu za namna hii zilifunika katikati yote ya Amerika Kaskazini, kutoka Kanada hadi Texas. Plau ikazimaliza. Leo haijabaki hata asilimia 4, na sehemu kubwa ya hicho kilichobaki iko hapa, kwa sababu kila mkulima aliyejaribu kulima aligonga jiwe, akaamua kufuga ng'ombe.

Nilisimama kwenye hifadhi ya Tallgrass Prairie, karibu na mji wa Strong City, nikiwa na jambo hilo kichwani, na nikamkumbuka babu yangu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mpango wao mkubwa wa karanga. Walileta matrekta, mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, wakang'oa vichaka mpaka basi. Babu alikuwa kijana kwenye magenge ya kufyeka. Alikuwa akisema udongo ule ukikauka uligeuka saruji, plau zikavunjika, karanga zikabaki ardhini. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Sehemu ya mashamba yale sasa ni ranchi ya ng'ombe, ile mnayoiona mkipita Kongwa. Waliowahi kuishi pale walijua tangu mwanzo kwamba ile ni nchi ya malisho. Hawakuulizwa.

Nyasi yenyewe nataka niieleze, kwa sababu niliishika. Inaitwa big bluestem. Septemba inakuwa imenipita kimo, na shina lake lina rangi mbili tatu kwa pamoja: chini kijani, katikati zambarau, juu wekundu wa kutu. Kichwa chake kimegawanyika vidole vitatu kama mguu wa bata mzinga. Ukiupitisha mkono unasikia unga kidogo vidoleni. Mizizi yake inashuka mita tatu na zaidi, kwa hiyo nyasi iliyo nyingi zaidi ni ile usiyoiona. Wafugaji wanaichoma kila mwaka mwezi wa tatu na wa nne ili miti isiote, na majani mapya yatoke laini. Nimesikia watu wengi huku Marekani wakishangaa Waafrika "wanaochoma pori". Waje waone Kansas mwezi wa nne.

Kwa mbali tuliwaona nyati wao, wale wenye nundu na ndevu. Mwaka 2009 waliletwa 13 kutoka hifadhi ya Wind Cave, Dakota Kusini, na sasa kuna kundi. Baba Upendo alihesabu 22 kwa sauti, kama anahesabu ng'ombe wanaorudi zizini.

Jioni nilitaka kuona jua likizama, nikaingia njia ya changarawe. Nikapata pancha. Tuliposhuka, tairi la nyuma lilikuwa limelala, na ndani ya mpira kumechomeka kipande cha gumegume kikali kama wembe. Mzee mmoja mfugaji akasimamisha pikapu yake bila kupungiwa mkono. Akashika taa wakati Baba Upendo anafungua nati, akachomoa lile jiwe kwa koleo na kumwekea mume wangu kiganjani. Akasema ndilo lililompa babu yake nyama na ndilo linalomgharimu yeye matairi. Halafu akatufuata taratibu kwa nyuma hadi tulipogusa lami. Jiwe lile sasa liko kwenye lori, mbele ya kioo.

Ijumaa tulirudi njia kuu na kuelekea magharibi. Baada ya Salina angalieni nguzo za uzio. Ni za mawe! Watu walifika hapa wakakuta hakuna mti wa kukata, na ng'ombe wanahitaji uzio. Lakini chini ya udongo kidogo kulikuwa na tabaka la chokaa, unene wake kama shubiri moja na ushee, limelala sawasawa kama mbao. Likitoka tu ardhini ni laini. Likipigwa na hewa linakuwa gumu. Wakatoboa mashimo kwa mstari, wakagongea vyuma hadi jiwe likapasuka wima, na kila nguzo ilifika kilo 150 hadi 200. Niliegesha karibu na Lucas, nikaigusa moja. Rangi ya asali, ina msitari wa kahawia katikati, na alama za mashimo bado zimepangana ubavuni kama meno. Kwetu tunazungushia minyaa. Kila nchi ina uzio wake uliojificha ndani yake, ni mtu kuutafuta.

Na alizeti! Kando ya barabara zimejiotea zenyewe, na mashamba mengine ni ya manjano hadi upeo. Kwa miaka mingi nilidhani alizeti ni ya Singida na Dodoma tangu dunia iumbwe. Kumbe asili yake ni bara hili, na wenyeji wa huku ndio walioanza kuipanda maelfu ya miaka iliyopita. Nilipiga picha nikamtumia kaka yangu anayekamua mafuta pale Kibaigwa. Akajibu kwa swali moja: gunia bei gani?

Victoria hatukukaa sana. Ni mji mdogo wenye kanisa kubwa la mawe, minara miwili inayoonekana kutoka maili kadhaa. Walilijenga Wajerumani waliotoka kando ya mto Volga, Urusi, likamalizika mwaka 1911. Kila muumini kuanzia miaka 12 alitakiwa kutoa dola 45 kwa mwaka na mizigo sita ya mawe kwa mkokoteni. Baba Upendo akasema, "Huu ni msaragambo kabisa," yaani kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na kwa mara ya kwanza safari hii yeye ndiye aliyeniomba nisubiri, akalizunguka kanisa lote kwa miguu akigusa mawe. Chakula cha jioni tulikula bierock, mkate uliojazwa nyama ya kusaga, kabichi na vitunguu. Alikula mitatu.

Jumamosi ndiyo siku niliyoifuata mimi.

Nicodemus iko kwenye barabara namba 24, Kaunti ya Graham. Usipokuwa makini unaipita: nyumba chache, kanisa la zamani, jengo la mawe, upepo. Mwaka 1877 mchungaji mweusi W. H. Smith na mzungu mmoja mpima viwanja, W. R. Hill, walianzisha kampuni ya mji na kusambaza matangazo kwa watu weusi wa Kentucky, waliokuwa wametoka utumwani miaka 12 tu kabla ya hapo. Kiwanja dola 5. Na sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kujipatia ekari 160 za serikali akiishi na kulima miaka mitano. Kwa mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa mali ya mwingine, ekari 160 zenye jina lake! Mwezi Septemba mwaka huo kundi la watu kama 300 likafika.

Walichokuta ni hiki nilichokuwa nakitazama: anga na nyasi. Hakuna nyumba, hakuna kuni. Wakachimba. Walikata ubavu wa mwinuko, wakaingia ndani, wakafunika juu kwa matawi na mabonge ya udongo wenye nyasi. Wengine walilima kwa majembe ya mkono na sepetu. Wazee wao walisimulia kwamba majira ya baridi ya kwanza Waosage, wenyeji asilia wa nchi hizi, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama.

Mwaka uliofuata akaja mama mmoja, Willianna Hickman, na mumewe mchungaji Daniel Hickman na watoto. Walishuka kwenye treni Ellis, na hapo surua ikaliingia kundi lao. Baadhi ya watoto wakafa. Kisha siku mbili za kukata nyika kwa mkokoteni, wakifuata dira. Mwishowe wanaume wakapaza sauti kwamba Nicodemus ile pale. Willianna alisimulia baadaye kwamba alikaza macho na hakuona mji. Akauliza uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi humo, chini. Akaanza kulia.

Nilikuwa nimesoma habari hiyo nyumbani. Lakini kuisikia pale, mbele ya mwinuko wenyewe, ni jambo lingine. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa tembe. Paa lake bapa, la miti iliyofunikwa udongo, na msimu wa mvua nyasi ziliota juu yake. Asubuhi ukitokea kisimani, tembe huioni, imefanana na ardhi. Unachoona ni moshi wa bibi. Mimi nikiwa mtoto, ule moshi maana yake uji uko tayari. Willianna aliuona moshi huo huo akalia, na wote wawili tulikuwa na haki.

Jengo la mawe ni Township Hall, yaani ukumbi wa mji, la mwaka 1939, ndipo wanapopokelea wageni. Kanisa la AME, dhehebu la Kimethodisti la Wamarekani weusi, la mwaka 1885 lipo bado. Miaka ya 1880 mji ulikuwa na maduka, magazeti, hoteli na timu ya besiboli, na Edward McCabe aliyeishi hapa alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Wakapiga kura kuchangia dola 16,000 ili reli ipite kwao. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto, na wenye maduka wakaifuata. Mji haukuinuka tena. Lakini haukufa: wajukuu bado wanalima eneo hili, na kila wikiendi ya mwisho ya Julai wanarudi kutoka kila upande kusherehekea. Kati ya makazi yaliyoanzishwa na watu weusi magharibi ya mto Mississippi baada ya utumwa, hiki ndicho kikongwe kilichobaki, na tangu mwaka 1996 kinalindwa kama eneo la historia la taifa.

Baba Upendo alisimama muda mrefu mbele ya ramani ukutani. Kidole chake kilikuwa kwenye Ellis. "Hapa huwa naweka mafuta," aliniambia kwa sauti ya chini. "Miaka tisa naweka mafuta hapa."

Jumapili, kabla ya kuanza kurudi, nilimpigia mama Kongwa. Kwake ilikuwa jioni. Nilimwamkia kwa Kigogo, nikamsimulia yote: nyasi, nguzo, nyumba za udongo, yule mama na moshi. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Na maji," akauliza, "walichota wapi?"

Nikamwambia kuna mto, uko kusini mwa kijiji, miti inaonyesha unapopita.

"Ulipimaje? Ulikwenda kwa miguu?"

Sikuwa nimekwenda. Nilimtazama Baba Upendo, na yeye alikuwa ameshafungua buti la gari anatafuta raba zake.